Mjomba Harushiwi Mpira

Lugala, Milimani Uluguru
12 Novemba 1911

Dada yangu Scholastika,

Shikamoo dada. Huku tu wazima, mvua haijatuchoka, na kabichi alizokuletea Magdalena, yule mchukuzi wa mizigo, zimetoka shambani kwangu mwenyewe, kwa hiyo usimsifu yeye.

Mwezi uliopita uliniona sokoni Morogoro nachechemea, nikakwambia nimeteleza. Nilikudanganya. Niliangushwa na Andrea, yule mchonga mizinga ya nyuki, kwa makusudi kabisa, na alipokwisha kuniangusha akanipa mkono nisimame. Ndio mchezo wenyewe ulivyo.

Kuna Mwingereza mmoja, fundi wa mashine kule wanakochimba ulanga, yale mawe yang'aayo kama kioo. Tunamwita Bwana Toma. Kwao ni kwenye machimbo ya makaa, na wachimbaji wa kwao wana mchezo wao wa mpira ambao anatufundisha kila Jumapili baada ya misa. Mpira wenyewe una umbo la papai. Unaushika mikononi na kukimbia nao hadi mstari wa adui, na ukitaka kumpa mwenzako ni lazima umrushie aliye nyuma yako. Kurusha mbele ni kosa. Padre alipoelezwa kwamba watu wanakwenda mbele kwa kurudisha mpira nyuma, alicheka mpaka akavua miwani.

Siku ya kwanza Bwana Toma alikuwa anakimbia kando yetu akipiga kelele "pasi, pasi". Severini, mtu wa kutii, akatoka mbio hadi kwa Masista, akarudi na pasi ya kunyooshea nguo, makaa yanawaka ndani. Kumbe kwa lugha yao ni kumrushia mwenzako mpira. Mpaka leo Severini akipita njiani watu wanamwonyesha mashati yao.

Sasa sikiliza, maana nataka uelewe. Wale wanene wanainamiana na kusukumana kama wanazuia ukuta usianguke. Mpira ukitoka miguuni mwao, Severini anauokota na kumrushia Andrea, Andrea ananirushia mimi, nami namrushia wa pembeni, ambaye ndiye mwenye mbio. Hatusimami sawasawa. Kila mmoja yuko hatua chache nyuma ya mwenziwe, ili mpira unapomfikia awe ameshaanza kukimbia. Ukienda vizuri kutoka mkono hadi mkono, dada, hata mimi mwenyewe nasahau kwamba miguu inauma.

Wa pembeni wetu ni Stefano. Ndiyo, Stefano huyohuyo, mjomba wake Bernadeta. Nadhani sasa umejua barua hii inaelekea wapi. Nimeshapeleka neno langu kwake kwa heshima zote, kwamba namtaka Bernadeta, na kwetu unajua neno la mjomba ndilo neno. Hakukataa wala hakukubali. Alisema: "Twende kwanza Morogoro tukacheze. Tukirudi, nitakujibu." Tutacheza na watu wa Reli, Sikukuu ya kuzaliwa kwa Kaisari, tarehe 27 Januari, uwanja wa Boma.

Niombee. Sijawahi kutaka kitu kama ninavyomtaka binti huyu.

Mdogo wako,
Mwalimu Benedikto


Morogoro
25 Novemba 1911

Mdogo wangu mchechemeaji,

Marahaba. Kabichi tumekula, tamu, nami nikamsifu Magdalena kwa sababu ndiye aliyezibeba kichwani saa sita nzima.

Kwa hiyo mwalimu mzima, mwenye kufundisha katekisimu, unaangushwa kwenye matope kwa hiari yako. Sawa. Lakini huenda hujui kwamba shemeji yako naye yumo. Kabla ya kwenda kwenye ulanga, huyo Bwana Toma wako alikuwa karakana ya reli hapa mjini, na aliwaachia wenzake ugonjwa huohuo. Agustino akirudi kazini siku hizi ananirushia hata mkate. Kwa hiyo hadi tarehe 27 mimi ninapika ugali wa adui yako, na simnyimi, maana ni mume wangu.

Habari ya Bernadeta imenifurahisha mpaka nikakaa chini. Namkumbuka alipokuwa mdogo, alikuwa haogopi mtu. Utapata tabu, na unastahili. Tangu mama alipotutoka nimekuwa nikingoja uniandikie barua moja ambayo haihusu shule.

Ila niambie jambo moja. Magdalena hupita kiwanjani kwenu akishuka na mzigo. Anasema mpira unatoka kwa Severini, unakwenda kwa Andrea, unakuja kwako, halafu unaishia hapohapo. Anasema Stefano husimama pembeni amefunga mikono kama mtu aliyekuja kungoja gari moshi. Wewe uliniandikia kwamba unamrushia wa pembeni. Nani mkweli kati yenu?

Dada yako akupendaye,
Scholastika


Lugala
10 Desemba 1911

Dada,

Shikamoo. Magdalena ndiye mkweli. Nakuomba barua hii usimsomee shemeji.

Siwezi kumrushia. Nimejaribu, mkono unagoma. Mara ya kwanza kabisa mpira uliponifikia na Stefano yuko huru pale pembeni, nilikimbia hadi kwake, nikasimama, nikapiga goti kidogo, nikampa kwa mikono miwili. Yeye naye akapokea kwa mikono miwili, maana ndivyo alivyolelewa. Watu watatu wakatuangukia sote tukiwa bado tunashukuriana. Bwana Toma alikaa kwenye majani akashika kichwa.

Nifanyeje? Jumapili jioni naenda kwake, napiga hodi, nakaa chini ya alipokaa yeye, kikombe napokea kwa mikono miwili na macho nayashusha. Mtu nimemwomba mtoto wake. Halafu Jumapili hiyohiyo mchana nimtupie kitu kifuani kama ninayefukuza mbuzi shambani? Mtoto wa kwetu hamtupii mkubwa hata kijiti cha kuwashia moto. Wewe ndiye uliyenichapa kwa kosa hilo, nilipomtupia bibi ndizi.

Nimemwomba Bwana Toma anibadilishe nafasi na Andrea. Amekataa. Anasema Andrea ana mikono mizuri ila hana subira. Mtu wa nafasi yangu anatakiwa akae na mpira mpaka adui amwelekee yeye, amwache wa pembeni, na hapo ndipo aurushe, si kabla wala si baada. Tena humrushii mwenzako pale alipo. Unaurusha pale atakapokuwa, mbele ya kifua chake, ili asipunguze mbio. Nimeelewa yote, dada. Kwa Severini na Andrea nafanya, na Bwana Toma anapiga makofi. Ni kwa huyu mmoja tu.

Kwa hiyo nikipata mpira nakimbia nao mwenyewe hadi niangushwe. Wenzangu wanadhani ni uchoyo. Heri waniite mchoyo kuliko Stefano aniite mtovu wa adabu.

Benedikto


Morogoro
23 Desemba 1911

Mdogo wangu,

Noeli njema. Nimekufumia soksi mbili za sufu ya duka la Sherali, rangi hazilingani kwa sababu sufu ya kijani ilikwisha. Zivae hivyohivyo.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Nilipofika pale mlipokuwa mnashukuriana nilicheka hadi jirani akaja kuuliza. Mara ya pili sikucheka. Nilikumbuka ile fimbo ya ndizi ya bibi, na jinsi ulivyokataa kulia. Ulikuwa na miaka mitano. Nilikuwa na haki ya kukufunza, lakini sidhani nilikuwa na haki ya kukufunza kwa nguvu kiasi kile.

Ninavyomfahamu Stefano ni mtu wa maneno machache na moyo mwororo. Sijui mpira unasemaje juu ya heshima, hayo muulize mwenyewe. Kamuulize kwa mdomo wako, si unacho?

Barua yako nimeiweka chini ya nguo sandukuni, kwa hiyo usiwe na wasiwasi.

Agustino anakusalimu. Anakula sana siku hizi.

Scholastika


Lugala
7 Januari 1912

Dada,

Shikamoo. Soksi zimefika, Masista wamezicheka, nami nimezivaa.

Mambo yameharibika na sijui nimekosa wapi. Stefano hanisemeshi. Jumapili iliyopita nilimkuta mtoni ananawa baada ya mazoezi, nikamsalimu, akaitikia bila kugeuka. Kisha akauliza: "Mwalimu, hivi mimi nimo kwenye timu, au nimekuja kutazama?" Nikamwambia, "Umo, mjomba. Sote tunakuheshimu." Akachukua shati lake akaenda zake. Sikupata nafasi ya kuuliza kitu, na kusema kweli hata ningeipata nisingeuliza. Mtu hamuulizi mkwewe mtarajiwa ana nini.

Bernadeta nilimwona dakika mbili mlangoni mwa kanisa. Anasema nyumbani mjomba hataji jina langu tena. Zamani alikuwa akinisifu kwa mwandiko wangu, sasa wakimtajia shule anatoka nje. Nilimuuliza kama kuna mtu amenisengenya. Hajui. Aliniambia, "Fanya lolote, lakini usikae kimya," akaingia kusali.

Nimezidisha heshima. Nikimwona naondoka njiani apite. Kiwanjani naona hata haya kumtazama. Nimempelekea asali aliyonipa Andrea, akairudisha kwa upole, akisema ana yake.

Dada, ninampoteza Bernadeta nami nimekaa natazama. Zimebaki siku ishirini.

Benedikto


Morogoro
15 Januari 1912

Benedikto mdogo wangu,

Nimekukosea, na nataka ulisikie kwangu kabla hujalisikia uwanjani.

Barua yako ya Desemba niliiweka chini ya nguo kweli. Sikukwambia kwamba nilipoicheka Agustino alikuwa chumbani anavua viatu. Akauliza nacheka nini. Nikasema hakuna. Lakini nilipokuwa sokoni akatafuta, akaisoma yote, na huyo mtu anasoma kwa kidole, kwa hiyo alikusudia hasa. Juzi nilimsikia anawaambia wenzake pale barazani kwetu: "Yule Stefano msihangaike naye. Mwacheni pembeni akae. Mwalimu hawezi kumrushia, anamwogopa mkwe. Sote tumwendee mwalimu."

Nilimwendea na mwiko, dada yako mimi. Tumenuniana siku mbili. Anasema vita ni vita, na kwamba anakupenda, na kwamba atakuangusha kwa upole. Nimemwambia upole huo atalala nao nje.

Sasa unajua. Watakuja kwako watatu, wanne, na Stefano hatakuwa na mtu. Ukishikilia mpira watakuumiza. Ukimrushia, labda unamtupa Bernadeta pamoja nao. Nimefikiria nikushauri nini, nimeshindwa. Ningekuwa karibu ningekushika mkono tu.

Nisamehe.

Scholastika


Morogoro
29 Januari 1912

Benedikto,

Uliondoka juzi bila kuniaga. Nilikuwa nimepika. Nilisimama na sufuria uani hadi Magdalena akaja kuniambia kwamba amekuona unapanda njia ya mlimani peke yako, damu kwenye shati, hata kofia hukuchukua. Kofia ninayo.

Nitakueleza nilichokiona, kwa sababu nadhani wewe hukuona kitu.

Nilisimama na akina mama upande wa Boma. Nusu ya kwanza sikuipenda. Kila ulipopata mpira watu wa Reli walikujia kundi zima, nawe ukaukumbatia ukaanguka nao. Mara nne nilihesabu. Mara ya nne Agustino ndiye aliyekuwa juu, na nilimwita jina ambalo nitaliungama Jumamosi. Stefano alikuwa pembeni, hakuna mtu hatua ishirini kutoka alipo, amenyoosha mikono. Alinyoosha mikono, Benedikto. Uliiona? Mimi niliiona kila mara.

Kisha mlipobadilishana pande, Andrea akakurushia, wakakujia tena, nami nikaona umeinua macho. Uliwangoja. Uliwangoja mpaka nikadhani umekufa ganzi. Halafu ukaurusha.

Sasa, yule mtu hajarushiwa na wewe tangu mwaka jana. Angejuaje kwamba leo ndiyo siku? Mikono alikuwa ameshaishusha. Mpira ulimpata mdomoni, na jino likatoka, na uwanja mzima ukacheka, wakubwa wa Boma wakacheka zaidi ya wote. Wewe ulikwenda ukapiga magoti mbele yake, katikati ya mchezo, mikono umeikunja kama unaomba radhi kwa mfalme. Watu wakazidi kucheka. Mimi nililia, nakwambia kweli, kwa sababu nilijua unalia wewe.

Stefano akatema damu. Akakushika bega, akakuinua, akakwambia kitu sikioni. Nilikuwa mbali. Kisha mkarudi kwenye nafasi zenu. Dakika chache baadaye Severini akaokota, Andrea akapokea, ukapokea wewe, wakakujia wote watatu, nawe ukarusha bila hata kugeuza kichwa, mbele ya kifua chake, naye akaushika katika mbio zake na hakuna aliyemwona tena ila mgongo. Akina mama wa Reli waliokuwa karibu nami walishangilia bila kujua wanamshangilia nani.

Mlishindwa, tisa kwa sita. Agustino anatembea mjini kama jumbe. Lakini mchezo ulipokwisha hukumngoja mtu. Ulikimbia kama uliyeua.

Alikwambia nini? Kama ni laana niambie nijue, nitapanda huko mwenyewe na kumpigia magoti. Nijibu upesi, sipati usingizi. Sitaki kukupoteza kwa huzuni huko juu.

Dada yako,
Scholastika


Lugala
11 Februari 1912

Kwa Bibi Scholastika, mke wa Agustino wa Reli,

Anayesema ni mimi Stefano. Anayeandika ni mdogo wako, kwa kuwa hapa kijijini hakuna mwingine ajuaye kuandika isipokuwa Padre na Masista, na jambo hili si lao. Nimemwambia aandike kila ninalosema, asipunguze wala asijipendelee. Ameketi mbele yangu, na amevaa soksi mbili za rangi mbalimbali.

Salamu nyingi kwako. Pengo halinisumbui, isipokuwa kupiga mluzi nimepoteza. Mbwa wangu amechanganyikiwa.

Alinionyesha barua yako baada ya wiki mbili za kunikimbia. Siku zote hizo nilikuwa namtafuta shuleni, naambiwa ameingia darasani. Namtafuta kanisani, naambiwa ametokea sakristia. Jana nilikaa mlangoni kwake tangu asubuhi mpaka akatoka. Nikamwambia leta karatasi.

Bibi Scholastika, wewe ndiye uliyemlea mtu huyu baada ya mama yenu, kwa hiyo jibu nakupa wewe. Mimi ni mtu wa mlimani. Watu wananipigia hodi, wananipigia goti, kwa kuwa dada zangu wana mabinti na neno la mabinti liko kwangu. Wako vijana watatu waliokuja kwa Bernadeta kabla ya mwalimu, na wote walinipa vitu kwa mikono miwili. Nimezoea. Mtu akikunja magoti mbele yangu, najua anataka kitu.

Kiwanjani nilikwenda ili nipumzike na hayo. Kule Severini hamjui mkubwa, Andrea hamjui mkubwa, kila mtu anamwamini mwenziwe kwamba atadaka. Mwalimu alininyima mpira mimi peke yangu. Miezi mitatu nilikimbia pembeni yake, nanyoosha mikono, na yeye anaona heri aangushwe na watu watatu kuliko kuniamini mimi. Nilisema moyoni, huyu ananiona mzee, au ananiona mjinga. Nikasema, atakuja kuishi na binti yangu vivyo hivyo, kila zito atalibeba peke yake mpaka limwangushe, na binti amesimama pembeni amenyoosha mikono. Nilikuwa nimeshaamua kumkatalia. Jibu nililoahidi lilikuwa hapana.

Hapa ameacha kuandika. Nimemwambia aandike pia kwamba ameacha kuandika.

Umeuliza nilimwambia nini sikioni. Nilimwambia, "Rusha tena." Hayo tu. Hakunisikia vizuri kwa sababu ya lile jino, akadhani nimesema "Usirudi tena." Ndiyo maana alikimbia. Lakini tazama, alidhani nimeshamfukuza, alidhani Bernadeta amekwenda, hana la kupata tena kwangu, na bado mpira ulipomfikia aliurusha kwangu, vizuri, mbele ya kifua. Hilo nimelijua jana mlangoni kwake, na ndilo lililonifanya nikae chini.

Wale waliokuja na mikono miwili nimewarudisha kwao. Binti nampa huyu aliyenirushia. Njoo na mumeo baada ya Pasaka tuzungumze kama ndugu, na umwambie Agustino sina kinyongo naye, ila mwakani asiniache peke yangu pembeni.

Bernadeta yuko hapa nyuma ya mwandishi, anasoma begani kwake. Anasema neno "nampa" ameliangushia tone la wino hata halisomeki. Nimemwambia aliandike tena.

Nampa.

Alama ya kidole cha Stefano